Dawa za Asili: Tumwamini Nani?

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tumeona tuandike juu ya jambo lililotukuta darasani: dawa za majani, na habari tunazopewa juu yake.

Mwanafunzi wetu mmoja wa darasa la tatu alikosa shule siku nne. Hapa kambini, kusini-magharibi mwa Uganda, mtoto kukosa siku moja mbili si ajabu. Kuna foleni ya posho, kuna maji, kuna kuni. Lakini siku ya nne tulimfuata nyumbani. Tulimkuta kwenye mkeka, mwili moto, macho ya manjano, ukimwita haitiki vizuri. Pembeni kulikuwa na chupa ya lita moja yenye maji ya kahawia.

Mama yake alituambia aliinunua shilingi 20,000 kwa mtu aliyejiita mtumishi. Eti ni dawa ya majani yaliyoombewa, inaponya malaria, taifodi, minyoo, presha na hata mambo ya ukoo. Mama aliuza maharage ya nyumba ili aipate. Tena aliambiwa asimpeleke mtoto kwenye kituo cha afya, maana kuchanganya na dawa za kizungu ni kukosa imani.

Tulimpakia mtoto kwenye pikipiki. Kipimo kilionyesha malaria, tena ile kali. Alichomwa sindano, akaongezwa damu, na baada ya wiki tatu akarudi darasani. Tunamshukuru Mungu sana. Muganga wa zamu alimwambia mama taratibu: "Mama, ungengoja mpaka kesho, tungekuwa tunazungumza mengine."

Mama alilia, halafu akatugeukia sisi: "Walimu wangu, mimi sikumdharau Mungu. Nilidhani ndiyo namtii."

Maneno hayo ndiyo yametushikisha kalamu.

HATUPIGANI NA MAJANI

Kwanza tuelewane. Hatukuja kuyatukana majani ya bibi zetu. Wengi wetu tumekua tukinywa tangawizi kwa kifua na yale majani machungu tunayoyaita mubirizi au kongo-bololo. Na Biblia haiyadharau. Mfalme Hezekia alipougua jipu, nabii Isaya aliagiza awekewe andazi la tini (2 Wafalme 20). Paulo alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Na yule Luka aliyesafiri na Paulo alikuwa tabibu. Hatusomi popote kwamba Paulo alimwambia aache kazi hiyo kwa sababu ameokoka.

Wale mliotoka Bukavu mnaijua miti ya kenkina. Gome lake ndilo lililotoa kwinini. Watu walilitumia gome hilo kwa homa miaka mingi, mpaka mwaka 1820 wanakemia wawili Wafaransa, Pelletier na Caventou, walipoitenga kwinini yenyewe ili iweze kupimwa.

Kuna na jani la artemizia. Huko China, mama mmoja mtaalamu, Tu Youyou, alisoma kitabu cha tiba cha zamani, cha miaka zaidi ya 1,600, kilichosema mmea huo ulowekwe kwenye maji, ukamuliwe, mgonjwa anywe. Mwaka 1972 yeye na wenzake walifaulu kuitoa dawa iliyomo, wakaijaribu kwanza kwenye miili yao wenyewe. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Sasa sikilizeni: sindano aliyochomwa mwanafunzi wetu, ile iliyomrudisha, asili yake ni jani hilo hilo.

Kumbe mama hakukosea kuamini kwamba Mungu ameweka dawa kwenye mimea. Alikosea mahali pengine. Jani ni la Mungu, lakini maneno yaliyobandikwa kwenye chupa ni ya muuzaji. Na maneno ya mtu yanapimwa.

MBONA BASI TUSINYWE CHAI YA JANI HILO?

Swali hili tumeulizwa mara nyingi. Shirika la Afya Duniani lilitoa jibu mwaka 2012 na tena 2019: haliruhusu chai wala unga wa artemizia kutibu malaria au kuikinga. Sababu zake zinaeleweka. Mmea mmoja una dawa nyingi, mwingine kidogo, kutegemea aina yake, udongo, mavuno na jinsi ulivyokaushwa. Ni kama kugawa posho bila mzani: huyu anapata debe, yule anapata kiganja, na wote wameandikiwa kwamba wamepokea. Homa inaweza kushuka siku mbili, watu wakashuhudia, halafu ikarudi na nguvu. Tena vimelea vinavyoonja dawa kidogo kidogo vinajifunza kuivumilia. Hapa Uganda, na Rwanda pia, wataalamu wameshaona vimelea vilivyoanza kuzoea dawa za kundi hili. Kwa hiyo tukichezea dozi, tunawaharibia na watoto wa jirani.

TUKUMBUKE LOLIONDO

Wakubwa wanakumbuka mwaka 2011. Katika kijiji cha Samunge, Loliondo, Tanzania, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, alisema Mungu amemwonyesha dawa ya mti uitwao mugariga. Kikombe kimoja kilikuwa shilingi 500 za Tanzania. Kilisemwa kinaponya ukimwi, kisukari, kansa na mengine. Watu walitoka nchi nyingi, magari yakapanga foleni ya kilomita na kilomita, wagonjwa wengine wakafia njiani. Wako walioacha dawa zao za ukimwi wakiamini wamepona. Haikuthibitishwa kwamba kikombe kile kiliponya ukimwi. Mzee huyo alifariki mwaka 2021.

Hatumhukumu marehemu. Tunachojifunza ni kwamba bei ndogo, uso mpole, umati mkubwa, hata cheo cha uchungaji, si kipimo cha dawa. Watu wa Beroya walimsikiliza Paulo kwa moyo, na bado kila siku walichunguza kama aliyosema ndivyo yalivyo. Biblia inawasifu kwa hilo (Matendo 17). Kama Paulo alichunguzwa, sembuse mwenye chupa?

MASWALI MATANO YA KUMUULIZA

Tumeyaandika ubaoni darasani, nanyi yaandikeni ukutani.

1. Inaponya magonjwa mangapi? Malaria inaletwa na kimelea, presha ni mambo ya mishipa, taifodi ni bakteria. Dawa moja inayosemwa kuponya yote, shaka nayo.

2. Anakukataza nini? Mtu mkweli haogopi kipimo. Anayesema "usiende kwenye kituo" au "acha vidonge vyako" ameshajionyesha. Dawa za ukimwi, kifua kikuu, kisukari, kifafa na presha zisiachwe kwa neno la mtu yeyote isipokuwa muganga anayekutibu.

3. Anapata nini? Kuuza si dhambi. Lakini yule anayekupa habari ndiye huyo huyo anayekuuzia, basi tafuta mtu wa pili asiye na chupa mkononi.

4. Ushahidi ni upi? "Fulani alipona" haitoshi. Alipimwa kabla? Alipimwa baada? Au ilikuwa mafua ambayo yangeisha yenyewe? Ujumbe wa sauti unaozunguka kwenye simu zetu, hata ukianza na "Bwana asifiwe", nao uulizwe hivyo hivyo.

5. Kipimo chake ni kiasi gani, na ni kwa nani? Anayejua dawa anajua dozi ya mtu mzima, ya mtoto, na nani asiitumie kabisa. Mama wajawazito, hasa zile dawa za kienyeji za kuharakisha uchungu, tafadhali sana: zinaweza kulibana tumbo kupita kiasi na kuwahatarisha mama na mtoto.

YA NYUMBANI TUNAYOWEZA KUYATUMIA

Yapo mambo mepesi ambayo hata waganga wa hospitali wanayakubali.

Mtoto akiharisha, mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti. Kama pakiti hakuna, chukua lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazisha, visijazwe mlima, maana chumvi ikizidi inadhuru. Mpe kidogo kidogo, endelea kumnyonyesha na kumlisha, na uulize kituoni vidonge vya zinki. Maji yaliyobaki baada ya siku moja mwaga, tengeneza mengine.

Kikohozi cha kawaida, asali kijiko kidogo inatuliza koo. Lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asipewe asali kabisa, inaweza kumletea sumu mwilini.

Homa haingojwi. Mtoto akiwa na homa apimwe malaria siku hiyo hiyo au kesho yake, isizidi hapo. Na akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea haamki vizuri, akihema mbio, au akiwa na damu kwenye choo, mkimbize kituoni hata usiku.

TUSEME UKWELI PANDE ZOTE

Tunajua kwa nini watu wanaenda kwa mwenye chupa. Kituoni foleni ni ndefu. Wakati mwingine dawa zimeisha. Lugha inatushinda, unaeleza tumbo, unaandikiwa kichwa. Mwenye chupa anakuja mpaka mlangoni, anaongea lugha yetu, anatuuliza habari za watoto kwa majina, anaomba pamoja nasi. Anatupa muda. Muda huo ni kitu kikubwa kwa mtu aliyeacha kila kitu kwao.

Kwa hiyo ndugu zetu waganga na manesi mnaosoma ukurasa huu, mama akisema amempa mtoto majani, msimfokee. Mkimfokea, kesho ataficha. Nasi wazazi tusifiche: sema jina la jani, kiasi, na siku ulizompa, kwa sababu majani mengine yanagombana na dawa.

Asiyejua Kiganda, Kinyankole wala Kiingereza, aje kwetu shuleni. Mmoja wetu atamsindikiza kutafsiri. Pia waulizeni wahudumu wa afya wa kijiji, ni majirani zetu wenyewe. Na mwenye kuweza kupata kitabu Mahali Pasipo na Daktari, kilichotungwa na David Werner na kutafsiriwa kwa Kiswahili, akisome. Mwanzoni kabisa kinazungumzia dawa za nyumbani, zipi zinasaidia na zipi zinadhuru, bila kuwacheka wazee.

Wengine watauliza: basi maombi yana kazi gani? Tutamtaja mtu wa kwetu, Daktari Denis Mukwege wa Bukavu, aliyeanzisha hospitali ya Panzi mwaka 1999 na kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018. Baba yake alikuwa mchungaji. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba akiwa mtoto alimfuata baba yake kuombea wagonjwa, akatamani awe yule anayetoa na dawa. Hakumwambia baba aache kuomba. Kila mmoja alikuwa na kazi yake kwenye kitanda kile kile.

Tumalizie na Msamaria mwema. Alimwagia majeruhi mafuta na mvinyo, vitu alivyokuwa navyo safarini. Hiyo ndiyo dawa ya asili. Lakini hakumwacha barabarani na mafuta yake. Alimpandisha kwenye mnyama wake, akamfikisha mahali pa kutunzwa, akalipa dinari mbili, akaahidi kurudi. Mafuta yalikuwa mwanzo wa huruma yake, hayakuwa mwisho.

Mama wa mwanafunzi wetu ndiye aliyetuomba tuandike haya, bila jina lake. Siku hizi jirani akiwa na mtoto mwenye homa, yeye ndiye anayembeba mtoto na kutangulia njiani kuelekea kituoni. Anasema anaomba akitembea.

Mungu awalinde watoto wetu. Tuonane mwezi ujao.