Jiwe Mlangoni: Jinsi Magnesiamu Inavyoulinda Ubongo wa Mama Mjamzito

Katika mashamba ya chini ya Mlima Meru, upande wa Kikwe, anayemwagilia kwa mfereji anajua kwamba kazi yote iko mlangoni. Zamu yake ikifika, huondoa tope na mawe aliyozibia, maji yakaingia tutani. Akimaliza huziba tena. Asipoziba, miche inazama.

Ubongo wa binadamu una milango ya namna hiyo isiyohesabika. Seli moja ya neva ikitaka kuiamsha nyingine, humwaga kemikali iitwayo glutamati kwenye upenyo mwembamba ulio kati yao, yaani sinapsi. Ni glutamati ileile inayoikoleza ladha nyanya iliyoiva, ila ile ya chakula haipenyi kirahisi hadi ubongoni. Ubongo hujitengenezea yake. Ng'ambo ya upenyo, glutamati hupokewa na protini ziitwazo vipokezi.

Vipokezi viwili ndivyo vinavyobeba sehemu kubwa ya kazi. Cha kwanza, AMPA, kina haraka: glutamati ikikigusa tu, mlango unafunguka, sodiamu inaingia na seli inaamka. Cha pili, NMDA, hakifunguki kirahisi hivyo. Mwaka 1984, watafiti wa Paris na wenzao wa Marekani walionyesha sababu: ndani ya njia yake imekaa chembe ya magnesiamu, mithili ya jiwe kwenye mdomo wa mfereji. Glutamati inaweza kufika na kufungua mlango, lakini jiwe likabaki palepale. Huondoka pale tu seli inapokuwa imeshaamshwa vya kutosha kwa njia nyingine, hasa na AMPA.

Likiondoka, kalsiamu huingia, na hapo ndipo kumbukumbu inapoanza kujengeka. Kalsiamu huiamuru seli iongeze vipokezi vya AMPA kwenye sinapsi hiyo, ili ujumbe uleule ukija kesho upokewe kwa nguvu zaidi. Mtoto anayerudia jedwali la kuzidisha mpaka likae kichwani anaitumia njia hii.

Lakini kalsiamu ikizidi, seli hufa. Kwa hiyo ubongo haukai bila ulinzi. Seli jirani zenye umbo la nyota hufyonza glutamati mara tu ikishafanya kazi yake, vipokezi vilivyozidi huondolewa juu ya seli, na magnesiamu hurudi mahali pake.

Ulinzi huu unaposhindwa, seli nyingi huamka kwa pamoja na mwili unakakamaa na kutikisika. Hali hiyo huwapata baadhi ya wajawazito ambao shinikizo la damu limepanda, na kwa Kiswahili inajulikana kama kifafa cha mimba. Nchini Tanzania ni miongoni mwa visababishi vikuu vya vifo vya uzazi.

Dawa yake ni chumvi ya bei nafuu: magnesiamu salfeti. Watafiti wanaamini inasaidia kwa njia zaidi ya moja, ikiwamo kulegeza mishipa ya damu na kuongeza ulinzi kwenye milango ya NMDA. Matokeo yake hayana ubishi. Utafiti wa Magpie, uliochapishwa mwaka 2002 na kuhusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba dawa hii hupunguza hatari ya kupata kifafa hicho kwa asilimia 58.

Wodini, dawa hii inahitaji macho ya mtu. Kabla ya kila dozi, muuguzi hugonga chini ya goti kwa nyundo ndogo ya mpira: mguu ukiruka, ni salama kuendelea, usiporuka, dawa imeanza kuzidi. Huhesabu pumzi, zisipungue 16 kwa dakika, na hupima mkojo. Pembeni huwekwa kalsiamu glukoneti, dawa ya kuizimua magnesiamu ikizidi.

Hakuna chumvi itakayomfaa mama aliyebaki nyumbani. Kwa anayeishi Kikwe, safari ya hospitali ya Tengeru au ya Hospitali ya Mount Meru mjini Arusha inapaswa kuanza kabla ya degedege. Mjamzito anayeumwa kichwa kisichotulia, anayeona maluweluwe, aliyevimba uso na mikono ghafla au mwenye maumivu juu ya tumbo, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo akapimwe presha na mkojo. Asikose kliniki hata kama anajisikia mzima, kwa sababu presha hupanda kimyakimya. Na akishajifungua, familia iendelee kumwangalia: kifafa cha mimba kinaweza kumpata hata baada ya mtoto kuzaliwa.