Pikapu Ikiruka Nyuma Matopeni, Dawa Si Kuongeza Mabapa

Dereva wa pikapu anayebeba mahindi na mpunga wilayani Kilosa huendesha katika dunia mbili kwa siku moja. Asubuhi yumo katika njia za udongo za bonde la Mkondoa, ambako mvua za masika, kati ya Machi na Mei, huigeuza ardhi kuwa uji. Alasiri amekwisha kufika Mikumi, juu ya lami ya barabara kuu iendayo Iringa, barabara ambayo hupita katikati ya Hifadhi ya Taifa na kuwekewa matuta ili wanyama wavuke salama. Gari ni lile lile, na springi ni zile zile.

Wanaolijua bonde hilo hawahitaji kuelezwa habari za maji. Desemba 2009 na Januari 2010 mto Mkondoa ulivunja kingo zake, ukawatoa maelfu ya watu katika nyumba zao na kuikata Reli ya Kati. Lakini hata katika mwaka wa mvua za kawaida, hapakosi mahali ambapo pikapu hufika ikaanza kurukaruka nyuma, magurudumu yakazunguka bure, na magunia yakalazimika kushushwa moja moja. Gari la namna hiyo si anasa. Ndilo ada ya shule na kodi ya nyumba, na siku iliyopotelea matopeni hairudi.

Kesho yake mwenye gari huenda gereji na ombi moja: aongezewe mabapa ya springi. Fundi hukubali, kwa kuwa kazi ni rahisi na bapa lililotumika hupatikana kwa bei nafuu. Gari hunyanyuka nyuma, likapendeza machoni. Mvua inyeshapo tena, hukwama vibaya kuliko awali.

Ndugu msomaji, ajabu hiyo ina sababu zake. Kazi ya springi ya nyuma si kubeba mzigo tu. Kazi yake ya pili, ambayo aghalabu husahauliwa, ni kulisukuma gurudumu lirudi chini kila ardhi inapoingia shimo. Tairi huvuta pale tu linapogusa ardhi kwa uzito wa kutosha. Springi ngumu kupita kiasi hulifanya gurudumu lipite juu ya shimo badala ya kulifuata shimo.

Hapo huingia suala la difu. Difu ya kawaida hugawa nguvu ya kusukuma sawa sawa kati ya magurudumu mawili. Maana yake ni kwamba gurudumu lililosimama juu ya ardhi imara haliwezi kupewa nguvu zaidi ya lile linaloteleza. Moja likining'inia hewani, hilo huzunguka kama feni, na mwenzake hutulia kama mgeni asiyehusika. Kwa hiyo mwenye kufanya springi ziwe ngumu, akalinyanyua gurudumu moja, amekwisha kuyanyima nguvu yote mawili.

Hesabu ndogo itasaidia. Mabapa mawili yaliyo huru, yanayoteleza moja juu ya jingine, huwa magumu mara 2 kuliko bapa moja. Lakini kipande kimoja cha chuma chenye unene wa mabapa hayo mawili huwa kigumu mara 8. Sasa fikiri springi ya pikapu iliyokaa miaka mingi, kutu na matope makavu yamejaa kati ya mabapa. Haiteleza tena, inaanza kufanya kazi kama pande moja la chuma. Mwenye gari hudhani springi zake zimechoka, kumbe zimegandamana.

Basi dawa ya kwanza ni ya jasho kuliko fedha. Springi zifunguliwe, kila bapa lisuguliwe kwa brashi ya waya, likaguliwe kama lina ufa, lipakwe grisi, kisha zifungwe upya. Wakati huo huo zitazamwe bushi za mpira kwenye macho ya springi na kwenye shakeli, yaani kile kiungo cha nyuma kinachoiruhusu springi kurefuka inapobonyea. Bushi zilizokwisha huifanya ekseli ikae upande, na gari huenda kama kaa. Bushi ni kitu cha bei ndogo kuliko bapa, tena ni dhambi kuziacha wakati springi imekwisha kushushwa.

Dawa ya pili ni shokapu, na hapa ningemshauri mwenye fedha kidogo azitie zote. Springi hulisukuma gurudumu chini. Shokapu ndiyo hulizuia lisidunde tena juu. Gari likikosa shokapu nzuri, tairi hugusa ardhi kwa vipindi, hushika na kuachia, na katika matope kila kuachia ni kuteleza. Kipimo cha nyumbani ni kuikandamiza kwa nguvu pembe ya nyuma ya gari na kuiachia ghafla. Ikipanda mara moja na kutulia, shokapu ni nzima. Ikiyumba juu na chini, au ikionekana imelowa mafuta, imekufa. Zinunuliwe mbili kwa pamoja, kulia na kushoto.

Ule mrukoruko wa nyuma gari linapoondoka una chanzo chake mahususi. Injini inapolisukuma gurudumu mbele, mwili wa ekseli hutaka kujipindua kinyume, pua ya difu ikainuka. Springi za mabapa hupindika kwa muda kama herufi S, kisha hufyatuka, kisha hupindika tena. Si jambo la Kilosa peke yake. Wamarekani waliliona katika Chevrolet Camaro ya mwaka 1967, iliyokuwa na springi za bapa moja tu kila upande. Mwaka uliofuata kiwanda kilizipanga shokapu upya, moja mbele ya ekseli na nyingine nyuma yake, ili zizuie ule upindukaji. Chungulia chini ya pikapu nyingi za Kijapani zilizo mitaani mwetu, utaona mpango huo huo. Fundi anayezifunga shokapu zote upande mmoja kwa sababu ndivyo boliti zilivyopatikana ameondoa kitu ambacho mhandisi alikiweka kwa makusudi.

Mashindano ya magari ya kule Marekani yametupa hila nyingine isiyo na gharama kubwa: kuyabana mabapa kwa vibano vya chuma katika nusu ya mbele ya springi, kuanzia ekseli kwenda mbele, na kuiacha nusu ya nyuma huru. Nusu ya mbele hukataa kupindika herufi S, na nusu ya nyuma huendelea kumeza mashimo. Lakini vibano visichomelewe. Moto wa kuchomelea huharibu ugumu uliopikwa kiwandani ndani ya chuma cha springi, na bapa lililoguswa na moto huo hukatika pale pale siku ya mzigo.

Wapo watakaosema springi za mabapa ni teknolojia ya mkokoteni. Mitsubishi Lancer aliyoiendesha Joginder Singh aliposhinda mbio za Safari mwaka 1974, na tena mwaka 1976, ilikuwa na springi za mabapa nyuma. Matope ya mbio hizo hayakuwa ya mchezo.

Wenye Noah za zamani, ambazo huvutwa na magurudumu ya nyuma na zina springi za koili, wahangaikie bushi na shokapu kwa mpango huo huo. Wenye magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele wasipoteze senti yoyote nyuma kwa ajili ya mvuto.

Kuna na mambo yasiyodai fundi. Pikapu tupu ni nyepesi nyuma. Mifuko miwili ya mchanga, kilo 50 kila mmoja, ikifungwa imara juu ya ekseli, husaidia kuliko bapa la ziada. Iwe juu ya ekseli, si nyuma yake kwenye mlango, maana uzito wa mwishoni huinua pua ya gari na usukani hukosa utii. Tairi lenye upepo wa pauni 35 likipunguzwa hadi 25 hutandaza uso wake na kushika zaidi, mradi gari halina mzigo mkubwa na mwendo ni wa polepole. Pampu ya mguu iwe ndani ya gari, na upepo urudishwe kabla ya kukanyaga lami. Tairi lenye kipara halisaidiwi na lolote kati ya haya.

Limebaki jambo moja ambalo mafundi wachache hulitaja. Pikapu nyingi, Toyota Hilux zikiwamo, zina kifaa cha breki kilichounganishwa kwa fimbo na ekseli ya nyuma. Mzigo ukiikalisha bodi chini, kifaa huruhusu breki za nyuma kushika kwa nguvu. Bodi ikiwa juu, hudhani gari ni tupu na kupunguza breki ili magurudumu yasijifunge. Mwenye kuongeza mabapa au kufunga shakeli ndefu huinyanyua bodi, na kifaa hudanganyika. Gari limejaa magunia, breki za nyuma zinashika kama za gari tupu. Katika tambarare ya Mkata yumkini asigundue. Akivuka Mikumi na kuanza kuteremka Iyovi, au siku nyingine akiteremka Kitonga kutoka Iringa, atagundua.

Kwa hiyo yeyote ambaye mabapa yamekwisha kuongezwa katika gari lake amuulize fundi kama fimbo hiyo ilirekebishwa. Na kama springi zilifunguliwa majuzi, zile boliti zenye umbo la U zinazoikumbatia ekseli zikazwe tena baada ya siku chache za kazi, gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake, si juu ya jeki.