Kisu cha Kuchongea: Kunoa na Kupima Makali

Milango ya nakshi ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo ni ushahidi kwamba ustadi wa mchongaji hauachani na makali ya chombo chake. Kisu butu humlazimisha mtumiaji kutumia nguvu nyingi. Kikiteleza, hujeruhi mkono na kuharibu kazi, hasa katika mti mgumu kama mpingo.

Weka noo mahali pasipotikisika, kisha ulilowanishe kwa maji au mafuta kulingana na aina yake. Sugua kisu kwa mwinamo uleule hadi ukingo mwembamba wa chuma ujikunje upande wa pili. Kigeuze, ufanye vivyo hivyo, kisha umalizie kwa noo laini na kipande cha ngozi. Unaponoa kwa mashine, poza kisu kwa maji mara kwa mara: chuma kikigeuka buluu kimepoteza ugumu wake, na makali hayatadumu.

Usipime makali kwa kidole. Elekeza ukingo kwenye mwanga: sehemu iliyo butu humeta. Kisha kata kipande cha mti laini kwa kukingama na nyuzi zake. Makali mazuri huacha uso laini, mabovu huchanachana.

Unaponunua, omba kukijaribu kisu na udai risiti. Ukiuziwa bidhaa bandia, mrudie muuzaji mapema. Asipokusikiliza, wasilisha malalamiko kwa Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.