Kujiuliza Kabla ya Kuulizwa: Namna ya Kujitayarisha kwa Mtihani wa Sayansi na Hisabati

Mtihani unapokaribia, wanafunzi wengi hulisoma daftari tangu mwanzo hadi mwisho, kisha hulirudia mara ya pili na ya tatu. Kila wanaporudia, maneno huzidi kuwa mepesi machoni, nao hudhani wameelewa. Siku ya mtihani, yale yaliyoonekana mepesi hayapatikani. Je, kosa ni uvivu? Mara nyingi sivyo. Kulitambua jambo lililoandikwa si sawa na kulikumbuka pasipo daftari.

Ushahidi wa Majaribio

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Aligundua kuwa sehemu kubwa ya tunachojifunza husahaulika katika saa na siku za kwanza, na kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku kadhaa hufaa kuliko marudio mengi ya siku moja.

Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani walitangaza jaribio jingine. Kundi moja la wanafunzi lilisoma kifungu cha habari katika vipindi vinne. Kundi la pili lilisoma katika kipindi kimoja, kisha mara tatu likaandika lililoyakumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika 5, waliosoma tu waliongoza. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojijaribu walikumbuka asilimia 61, na waliosoma tu asilimia 40.

Katika hisabati, Doug Rohrer na Kelli Taylor walionyesha mwaka 2007 faida ya kuchanganya maswali. Wanafunzi waliofanya maswali ya aina moja moja kwa mfululizo walipata asilimia 20 katika mtihani wa wiki iliyofuata. Waliochanganyiwa aina mbalimbali walipata asilimia 63. Sababu yake ni wazi. Mtihani hauelezi ni kanuni ipi itumike. Kuichagua ni sehemu ya kazi.

Mfano wa Bagamoyo

Mwanafunzi wa Bagamoyo anaweza kujitungia maswali mchanganyiko kutokana na pwani aijuayo:

1. Tani moja ya maji ya bahari ina takriban kilo 27 za chumvi ya kawaida. Ili kupata gunia la kilo 50, yahitajika maji kiasi gani?

2. Maji hujaa kila baada ya saa 12 na dakika 25 hivi. Ikiwa leo yamejaa saa 4 asubuhi, yatakuwaje saa hiyo hiyo baada ya siku 7?

3. Ngalawa yatoka mlangoni mwa mto Ruvu na kuingia baharini. Je, itazama zaidi au itainuka?

Swali la kwanza ni la uwiano. Jibu ni karibu tani 1.85. La pili ni la mwendo wa kujirudia: kila siku maji huchelewa kwa dakika 50, hivyo baada ya siku 7 huchelewa kwa saa 5 na dakika 50, na saa 4 asubuhi yatakuwa karibu na kupwa kabisa. La tatu ni la kanuni ya Archimedes: maji ya chumvi ni mazito zaidi, hivyo ngalawa itainuka kidogo.

Wajibu wa Mwalimu na Mwanafunzi

Mwanafunzi afunge daftari na kuandika anachokumbuka, kisha alifungue ajisahihishe. Arudie baada ya siku moja, baada ya siku tatu, na baada ya wiki. Mwalimu naye aanze kipindi kwa maswali machache ya masomo yaliyopita, bila kutoa alama, ili kosa lisiogopwe bali litumike kujifunzia.

Njia hii huonekana ngumu kuliko kusoma tu, na ugumu huo ndio unaowafanya wengi waiache. Lakini haba na haba hujaza kibaba; na aliyezoea kujiuliza hashtuki aulizwapo.