Mchaichai, Homa ya Mtoto na Saa Zinazopotea

Katika vibanja vya Izimbya, Wilaya ya Bukoba, ambako migomba na mibuni hukua pamoja, si jambo geni kukuta kichaka cha mchaichai karibu na mlango wa jikoni. Majani yake marefu, yenye makali ya kuweza kukata kidole, hufungwa fundo na kutumbukizwa katika sufuria ya chai. Mafua yakiingia nyumbani, chai hiyo hunywewa kama dawa. Tumbo likijaa gesi, vivyo hivyo. Na mtoto akichemka usiku, mara nyingi kikombe cha mchaichai hutangulia safari ya kwenda zahanati. Matumizi hayo ya mwisho ndiyo yanayostahili kuangaliwa kwa makini.

Mchaichai, ambao wataalamu wa mimea huuita Cymbopogon citratus, ni nyasi ya jamii moja na mahindi na muwa. Asili yake ni Asia ya Kusini. Hautoi maua mara kwa mara, ndiyo maana huenezwa kwa kugawa mashina, jirani akimpa jirani. Harufu yake inayofanana na ya limau hutokana na mafuta mepesi, hasa kemikali iitwayo sitrali. Mafuta hayo hupotea pamoja na mvuke, kwa hiyo mpishi anayefunika sufuria, akaepua mapema na kuacha majani yaive taratibu, hupata kikombe chenye ladha zaidi kuliko yule anayechemsha kwa muda mrefu. Majani hayo yakichemshwa peke yake, bila majani ya chai ya kawaida, kinywaji hakina kafeini.

Utafiti juu ya mmea huu upo, ingawa matokeo yake hayaungi mkono kila sifa unayopewa. Nchini Brazili, ambako watu wengi huunywa ili kutuliza wasiwasi na kuleta usingizi, watafiti waliwapa watu wa kujitolea chai ya mchaichai au kinywaji kisicho na dawa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1986 hayakuonyesha tofauti katika usingizi wala wasiwasi. Hayakuonyesha sumu pia. Afrika Kusini, utafiti mdogo uliochapishwa mwaka 2009 uliwahusisha watu 90 wanaoishi na VVU waliokuwa na fangasi wa kinywa, na ulileta matumaini kuhusu mchaichai na maji ya limau. Hata hivyo, fangasi wa kinywa kwa mtu mzima ni ishara ya kuchunguza kinga ya mwili, si ya kusukutua tu. Katika Mkoa wa Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983, jambo hili halihitaji maelezo marefu.

Kwa nini basi wazazi wengi huamini kwamba chai hii huponya malaria? Sababu ni kwamba wameona homa ikishuka kwa macho yao. Vimelea vya malaria hupasua chembe nyekundu za damu kwa mawimbi, kwa kawaida kila baada ya saa 48 hivi, ingawa kwa watoto mpangilio huo mara nyingi hauonekani wazi. Wimbi likipita, mgonjwa hutoka jasho na joto hupungua hata asipokunywa chochote. Aliyekunywa kikombe cha moto saa moja kabla huisifu chai. Wakati huo vimelea vinaendelea kuzaana, na homa ikirudi huenda imekuja na degedege.

Ni kweli kwamba nchini Kameruni mafuta yaliyokamuliwa kutoka kwenye mchaichai yalipunguza vimelea vya malaria katika panya, kwa dozi za miligramu 200 hadi 500 kwa kila kilo ya uzito. Lakini hesabu ifanywe. Kwa mtoto wa kilo 10, miligramu 300 kwa kilo ni gramu 3 za mafuta. Majani mabichi yakitoa mafuta ya takriban asilimia 0.3 ya uzito wake, ingehitajika kilo nzima ya majani bila kupoteza hata tone. Hakuna sufuria ya chai inayofikia hapo, na kumnywesha mtoto mafuta yaliyokamuliwa ni hatari. Asithubutu mtu kujaribu.

Imani nyingine ni kwamba kichaka kilichopandwa mlangoni hufukuza mbu. Mafuta ya mchaichai yakipakwa ngozini huweza kuwazuia kwa muda mfupi, lakini mmea uliosimama tu hautoi mafuta ya kutosha. Usiku familia ilale ndani ya chandarua. Kuhusu kujifukiza, sufuria ya maji yanayotokota chini ya blanketi imewaunguza watoto. Isitumiwe kwao kamwe.

Mhudumu wa afya anayepokea mtoto mwenye homa ana sababu ya kuuliza: “Mama, nyumbani mmempa nini, na tangu lini?” Aulize kwa upole. Mama aliyechekwa leo kwa kutumia mitishamba ataificha kesho, na pamoja nayo ataficha siku ambazo homa imeshakaa. Kinachotakiwa ni kipimo cha malaria ndani ya saa 24 tangu homa ianze. Mtoto asiyeweza kunywa au kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, aliyelegea au anayepumua kwa shida, apelekwe hospitali mara moja. Mtoto wa chini ya miezi sita asipewe chai yoyote. Maziwa ya mama yanamtosha.

Kipimo kikionyesha malaria isiyo kali na mtoto mkubwa zaidi akaanzishiwa dawa mseto ya ALu, mchaichai unaweza kurudi mezani. Lumefantrini iliyomo katika dawa hiyo hufyonzwa vizuri zaidi ikimezwa pamoja na chakula au kinywaji chenye mafuta. Kikombe cha chai ya maziwa yenye mchaichai, isiyojaa sukari, kinafaa kuambatana na kila dozi kwa siku zote 3, hata kama homa imeshuka siku ya kwanza.