Bori la Kiko Lipatikanalo Ardhini

Mtu wa Sengerema alimapo shamba huenda akaokota bori la kiko la udongo, akadhani ni la zama za kale sana. Lakini tumbaku asili yake ni bara la Amerika, wala haikujulikana upande wetu wa bahari kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Basi bori lililovutiwa tumbaku haliwezi kupita umri huo. Walakini si kila kiko ni cha tumbaku! Katika pango liitwalo Lalibela, nchi ya Uhabeshi, yalichimbuliwa mabori mawili ya karne ya 14 hivi. Yalipopimwa, mabaki yaliyomo yalionekana kuwa ya bangi. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiliokota bori usilioshe wala usilikwangue ndani, maana masizi yale ndiyo ushahidi. Tia alama mahali ulipoliona, na upime kina chake.