Je, kinachofunga chakula chako ni salama?

Asubuhi unapoelekea kazini, huenda wewe ni mmoja wa wale wanaosimama kwenye kibanda kando ya barabara kununua mandazi mawili au samosa. Mwuzaji huyatoa karaini yakiwa bado moto, huyafunga kwa kipande cha gazeti na kukukabidhi. Unakula ukitembea, kisha unaitupa karatasi iliyolowa mafuta. Ukiitazama vyema kabla ya kuitupa, utaona kwamba maandishi yamefifia mahali mandazi yalipogusa. Je, umewahi kujiuliza wino huo umekwenda wapi?

Swali hilo si la mzaha. Kwa miaka mingi sasa watafiti wa Ulaya wanaolipwa kwa pesa za umma wamekuwa wakichunguza vitu vinavyotoka katika makaratasi, mikebe na plastiki na kuingia katika chakula. Majibu yao yamebadilisha sheria katika nchi 27 za Muungano wa Ulaya. Makala haya yanaeleza walichogundua, na jinsi wewe msomaji unavyoweza kujikinga.

Nani hulipia utafiti?

Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Kiwanda kinachotengeneza chupa za plastiki kikilipia uchunguzi wa chupa hizo, si ajabu matokeo yakikipendelea. Ndiyo sababu ni muhimu uchunguzi mwingine ulipiwe na kodi ya wananchi.

Nchi za Ulaya zilianza mpango wa pamoja wa kugharamia utafiti mnamo 1984. Mpango wa miaka ya 2014 hadi 2020, uliojulikana kama Horizon 2020, ulitengewa karibu Yuro bilioni 80. Uliofuata, Horizon Europe, wa 2021 hadi 2027, ulitengewa Yuro bilioni 95.5. Sehemu ya pesa hizo huenda kwa masuala ya chakula, vifurushi na mazingira. Aidha, kuna Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, EFSA, iliyoundwa mwaka 2002, ambayo makao yake yako mjini Parma, Italia. Kazi yake ni kupima hatari na kuwashauri watunga sheria, nayo hugharamiwa na bajeti ya Muungano huo.

Kifurushi si ukuta

Wengi wetu hudhani kwamba kifurushi ni kama ukuta: chakula kiko ndani, kifurushi kiko nje. Ukweli ni kwamba chembe ndogo mno hutoka katika kifurushi na kuhamia katika chakula. Mambo manne huzidisha hali hii. La kwanza ni joto. Kadiri chakula kilivyo moto ndivyo chembe zinavyohama kwa kasi. La pili ni mafuta, kwa sababu kemikali nyingi za vifurushi huyeyuka katika mafuta kuliko katika maji. La tatu ni muda ambao chakula hukaa ndani. La nne ni ukubwa: kifurushi kidogo hugusa sehemu kubwa ya chakula kilichomo kuliko kifurushi kikubwa.

Sasa rudi kwenye mandazi yako. Yana joto na yana mafuta, na sehemu yake kubwa imegusana na karatasi.

Wino wa magazeti

Karibu mwaka 2009 na 2010, wataalamu wa maabara ya serikali ya jimbo la Zürich nchini Uswisi waligundua jambo lililowashtua wafanyabiashara wa vyakula. Mchele, tambi na vyakula vingine vikavu vilivyouzwa katika katoni vilikuwa na mafuta ya jamii ya petroli. Walipofuatilia, walipata kwamba katoni hizo zilitengenezwa kwa karatasi kuukuu, yakiwemo magazeti. Wino wa magazeti ulikuwa na mafuta hayo. Karatasi ilipogeuzwa kuwa katoni, mafuta yalibaki ndani yake, kisha yakageuka mvuke polepole na kuingia katika chakula. Hata palipokuwa na mfuko wa karatasi au wa plastiki nyepesi ndani ya katoni, mvuke huo uliweza kupenya.

Taasisi ya serikali ya Ujerumani inayohusika na hatari za vyakula, BfR, ilitoa tahadhari wakati huo huo. EFSA nayo ilichapisha tathmini yake mwaka 2012 na nyingine mwaka 2023. Wataalamu wanayagawa mafuta haya katika makundi mawili. Kundi la kwanza hujilimbikiza mwilini, ingawa tathmini ya 2023 haikuona kwamba kwa kiasi kinacholiwa sasa linatia wasiwasi. Kundi la pili ndilo linaloogopewa zaidi, kwa sababu baadhi ya kemikali zake zinaweza kuharibu chembe za urithi na kusababisha saratani.

Usihofu kupita kiasi. Andazi moja la jana halitakuua. Lakini ikiwa mafuta ya wino yaliweza kuufikia mchele mkavu na baridi bila hata kuugusa, ni rahisi kufahamu yatakavyofanya yanapokutana na chakula cha moto kinachochuruzika mafuta, siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka.

Mkebe na chupa

Kemikali ya pili inaitwa bisfenoli A. Kwa miongo mingi ilitumiwa kutengeneza plastiki ngumu inayong'aa kama kioo, na pia utando unaopakwa ndani ya mikebe ya chakula ili bati lisipate kutu. Shida yake ni kwamba mwilini huiga kazi ya homoni ya kike, estrojeni.

Mwaka 2011 Muungano wa Ulaya ulipiga marufuku kemikali hii katika chupa za kunyonyeshea watoto. Utafiti uliendelea. Kati ya 2017 na 2022, nchi 30 zilishirikiana katika mradi wa umma ulioitwa HBM4EU, ambapo wananchi walipimwa mkojo na damu ili kujua ni kemikali gani zilizomo mwilini. Matokeo yalionyesha kwamba asilimia 92 ya watu wazima waliopimwa katika nchi 11 walikuwa na bisfenoli A katika mkojo.

Aprili 2023, EFSA ilishusha kiwango ambacho mtu anaweza kukipata kila siku bila madhara. Kiwango cha awali, cha 2015, kilikuwa mikrogramu 4 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Kipya ni nanogramu 0.2, yaani mara 20,000 chini ya kile cha kwanza. Mtu wa kilo 60 aliyeruhusiwa mikrogramu 240 kwa siku sasa anaambiwa asizidishe nanogramu 12, na nanogramu moja ni sehemu moja ya elfu ya mikrogramu. Sababu kubwa ilikuwa majaribio ya panya yaliyoonyesha kwamba kemikali hiyo huvuruga chembe za kinga ya mwili.

Hata hivyo, wanasayansi hawakukubaliana wote. BfR ya Ujerumani ilipendekeza nanogramu 200, mara 1,000 zaidi ya kiwango cha EFSA. Usione ubishi huu kuwa udhaifu. Taasisi mbili za umma zikibishana hadharani, kila moja ikionyesha hesabu zake, mwananchi ndiye anayefaidika. Na kuhusu sheria, mjadala ulikwisha: Desemba 2024 Muungano wa Ulaya uliipiga marufuku bisfenoli A katika vitu vinavyogusa chakula, ukavipa viwanda muda wa kubadilisha mitambo yao.

Karatasi isiyolowa

Huenda umewahi kupewa chakula katika karatasi ambayo hailowi mafuta hata kidogo. Karatasi ya kawaida hulowa. Baadhi ya zile zisizolowa hupakwa kemikali za jamii ya PFAS, ambazo hukinga mafuta na maji kwa pamoja. Zina sifa moja mbaya: haziozi udongoni, kwa hivyo wengi huziita kemikali za kudumu.

EFSA ilizitathmini mwaka 2020. Athari iliyoipa uzito zaidi ni kwamba watoto wenye kemikali hizi nyingi katika damu huitikia chanjo kwa unyonge kuliko wenzao. Mzazi aliyebeba mtoto hadi kliniki kwa ajili ya chanjo anaelewa uzito wa habari hizo. Mradi wa HBM4EU nao ulipata kwamba asilimia 14.3 ya vijana waliopimwa Ulaya walikuwa wamevuka kiwango kinachohofiwa. Denmark haikungoja wengine. Tangu Julai 2020 iliziondoa kemikali hizi katika karatasi na katoni za chakula. Sheria mpya ya vifurushi ya Muungano wa Ulaya, iliyopitishwa baadaye, iliweka tarehe 12 Agosti 2026 kuwa mwanzo wa kuzibana katika nchi zote wanachama.

Si kila cha asili ni salama

Watu wakichoshwa na plastiki, hukimbilia kitu chochote kinachoitwa cha asili. Hapo pia pana mtego. Katika miaka ya 2010 vikombe vya mwanzi vilijaa madukani Ulaya, vikisifiwa kuwa rafiki wa mazingira. BfR ilivichunguza na kutoa ripoti mwaka 2020. Ilibainika kwamba vingi ni unga wa mwanzi ulioshikanishwa kwa plastiki ya melamini. Vikitiliwa kinywaji cha moto, baadhi yake vilitoa melamini na formaldehaidi kwa wingi kuliko hata vyombo vya kawaida vya melamini. Melamini nyingi hudhuru figo na kibofu. Mwaka 2021 Muungano wa Ulaya ulianzisha msako wa kuviondoa sokoni. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti!

Kati ya tumbo na mazingira

Msomaji anaweza kuuliza: basi kwa nini tusiache vifurushi kabisa? Jibu ni kwamba kifurushi kizuri huokoa chakula. Mwaka 2022, nchi za Muungano wa Ulaya zilitupa zaidi ya tani milioni 59 za chakula, yaani kilo 132 kwa kila mtu. Chakula kilichotupwa kimekula ardhi, maji na mbolea bure. Kifurushi kinachozuia hewa na unyevu hupunguza hasara hiyo, lakini kikiwa cha plastiki hubaki baharini na mashambani kwa miaka mingi.

Ndiyo maana pesa za umma zinatafuta njia ya katikati. Mfano mmoja ni mradi wa YPACK uliogharamiwa na Horizon 2020. Watafiti walichukua maji yanayobaki jibini inapotengenezwa, ambayo aghalabu huwa taka, wakawalisha bakteria. Bakteria hao hutengeneza mwilini mwao kitu kinachofanana na plastiki, kikavunwa na kufanywa vifurushi vya chakula vinavyoweza kuoza. Kabla ya hapo, mradi mwingine, Wheylayer, ulitumia protini ya maji hayo hayo kupaka plastiki utando wa kuzuia hewa. Jambo hili si geni sana kwetu. Waganda hupika matoke kwa kuyafunga kwa majani ya mgomba, na jani likitupwa huwa mbolea.

Yanatuhusu vipi?

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa mnamo Agosti 28, 2017. Marufuku hiyo ilikusudiwa hasa kulinda mazingira. Lakini swali la kinachoingia tumboni ni tofauti, na halimalizwi na kuondoa mfuko. Aliyeacha mfuko wa plastiki akashika gazeti ameokoa mtaro wa maji machafu, ila hajaokoa ini lake. Isitoshe, mkulima wa Kenya anayeuza maharagwe mabichi au maparachichi Ulaya atalazimika kufuata sheria za vifurushi za huko, kwa kuwa zinahusu kila kifurushi kinachoingia soko hilo, popote kilipotengenezwa.

Unachoweza kufanya

1. Usifunge wala usikaushe mafuta ya chakula cha moto kwa gazeti. Tumia karatasi nyeupe isiyochapishwa, sahani au kitambaa safi. Ukienda kibandani, beba kibakuli chako na umwombe mwuzaji akutilie humo.

2. Usitie chai, supu au uji wa moto katika mfuko au chupa ya plastiki. Ngoja upoe, au tumia chupa ya chai ya chuma kisichoshika kutu.

3. Usipashe chakula moto kikiwa katika kibakuli cha plastiki. Kihamishie kwanza katika chombo cha kioo au cha udongo.

4. Usitumie tena ndoo au mtungi uliobeba rangi, dawa ya wadudu au sabuni kuwekea maji, unga au mafuta ya kupikia, hata ukiosha mara kumi.

5. Mchele, unga na sukari vikikaa muda mrefu nyumbani, vihamishie katika chombo cha kioo au cha bati chenye kifuniko.

6. Chombo cha plastiki kilichokwaruzika na kubadilika rangi, kiondoe jikoni.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji pesa nyingi. Watu wenye maabara kubwa wametumia miaka na mabilioni kututhibitishia kwamba chombo nacho huliwa. Kinga ni bora kuliko tiba.

Na ukimaliza kulisoma gazeti hili, usilitupe. Liwashie jiko, au lifutie vioo vya madirisha. Mandazi ya kesho yafungie kitu kingine.